Bwalo la shule ya watoto wenye mahitaji maalumu linakodishwa kwa sendofu. Tuendelee au tufunge? (Iringa)

Mwangata_Juu (mleta uzi)

Kamwene wakuu.

Nina binti wa miaka tisa, haoni tangu utotoni, anasoma na kulala bweni kwenye shule moja ya msingi ya watoto wenye mahitaji maalumu huku kwetu Iringa. Jina la shule naliweka kapuni, sitaki kumchongea mtu. Mimi mwenyewe ni mjumbe wa kamati ya shule na nilinyoosha mkono kuunga hoja hii, kwa hiyo lawama nyingine ni zangu.

Shule ina bwalo zuri kuliko kumbi nyingi za hapa mjini. Milango mipana, hakuna ngazi hata moja, ukitoka nje ni mteremko wa zege, na vyoo vina vyuma vya kushikilia ukutani. Watu walipoliona siku ya mahafali wakaanza kuulizia. Kamati tukakaa, tukasema sawa, Jumamosi tu, laki mbili na nusu kwa siku. Tukawapa watu wa kwaya, watu wa vikoba, kicheni pati mbili na semina moja ya wakulima wa parachichi. Hela ile imefanya kazi. Pampu ya maji imetengenezwa, viti mwendo vinne vimebadilishwa matairi, na watoto wenye ualbino wamepata losheni ya jua bila kusubiri mfadhili.

Sasa juzi Jumamosi tukatoa bwalo kwa sendofu.

Kutoka bweni la wasichana kuna kamba ya katani imefungwa kwenye nguzo, usawa wa kiuno cha mtoto. Wasioona wanapita nayo. Ukikuta fundo moja hapo ndipo unakata kwenda chooni, mawili ni bwalo, matatu ni madarasa. Mtoto mgeni akifundishwa kwa wiki moja hivi, basi, anatembea peke yake usiku na mchana. Wapambaji waliona ile kamba inaharibu picha kwenye njia ya kuingilia bibi harusi. Wakaikata. Kipande kimoja wakafungia taa za kuning'inia.

Jumapili alfajiri ilikuwa baridi na ukungu, mnaijua Iringa ya Julai. Binti yangu akaamka kwenda haja. Akashika kamba mlangoni, akaenda mpaka nguzo ya pili, kamba ikaisha. Matroni aliyemkuta anasema hakulia wala kuita mtu. Alikaa chini pale kwenye nguzo, ameikumbatia, na gauni limeshalowa.

Nilifika saa nne kumsalimia. Swali la kwanza aliloniuliza: "Baba, choo wamekihamishia wapi?"

Kamati inakaa Jumamosi hii. Nusu wanataka tufunge kabisa ukodishaji. Nusu wanasema tukifunga, pampu ikiharibika tena nani atalipa? Mwenyekiti anasema kura yangu ndiyo itaamua. Naomba maoni, hasa ya waliowahi kuendesha kitu kama hiki.

Kijana_wa_Ipogolo

Funga. Hakuna mjadala hapo. Shule siyo ukumbi wa starehe. Watu wenye hela za sendofu wana kumbi zao.

Bibi_Mkwawa

Pole sana baba. Hilo swali la mtoto limenikaa.

Mapambo_na_Taa

Mkuu Mwangata, mimi ni mpambaji, siyo aliyepamba hiyo ya kwenu lakini ningeweza kuwa mimi kabisa. Nakuambia ukweli wa kazi yetu. Tunafika Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mlinzi anatufungulia geti, anarudi kulala. Mteja ametuma picha kwenye WhatsApp, anataka njia ya kuingilia ifanane na ile picha. Kwetu sisi kamba ni kamba, kama ilivyo kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyesema "hii ni barabara".

Halafu kuna jambo umelisahau na ni baya kuliko kamba. Pini.

Kupamba watu wanakuwa makini, kupambua hakuna umakini. Ni saa saba usiku, vijana wamechoka, wengine wameshaonja, wanavuta vitambaa kwa nguvu na pini zinaruka. Asubuhi sakafu ina pini, vipande vya waya, misumari ya inchi moja, vibanio. Kwenye ukumbi wa kawaida mfagiaji anafagia, zile mbili tatu zinazobaki viatu vinazikanyaga. Kwenu kuna watoto wanaotambaa. Kuna watoto wanaopapasa sakafu wakitafuta kijiko kilichoanguka. Nenda kaangalie chini ya jukwaa na pembeni mwa kuta leo hii, usisubiri Jumamosi.

Mwangata_Juu

Mapambo_na_Taa nimesoma hapa nikampigia simu matroni. Nitarudi.

Mwangata_Juu

Wamepata pini kumi na saba. Moja ilikuwa kwenye godoro la mazoezi ya viungo.

Tichaa_Nukta

Mimi nafundisha elimu maalumu, nimepita chuo cha ualimu Patandi, sasa niko kituo kingine mkoa wa Njombe. Naomba niongeze kitu ambacho wanakamati wengi hawakioni kwa sababu wanakuja shuleni mara nne kwa mwaka.

Watu wanadhani tatizo la kukodisha ni uharibifu, kiti kuvunjika, kioo kupasuka. Hivyo vinalipika. Tatizo letu ni vitu kutorudi mahali pake. Kwetu Jumatatu moja tulikuta meza za bwalo zimerudishwa zote, safi kabisa, hata zimefutwa. Ila zilikuwa zimepangwa mistari minne badala ya mitatu. Nina mtoto mwenye usonji ambaye tangu aanze shule anakaa meza ya mwisho karibu na dirisha la kushoto. Siku hiyo meza yake haikuwepo pale. Alisimama mlangoni, akaanza kujipiga kichwani. Uji hakunywa, mchana makande hakula, jioni hakula. Siku ya pili tuliipanga upya kwa kuangalia picha ya zamani kwenye simu ya mpishi ndipo akaingia.

Kwa hiyo kama mnakodisha, piga picha za bwalo Ijumaa kabla ya mgeni kuingia, kila kona, na mtu anayewajua watoto ndiye apokee ukumbi. Siyo mlinzi. Mlinzi atahesabu viti na kusema vimetimia.

Na muziki. Kuna wanaosema "watoto wenyewe viziwi, kelele haiwasumbui". Huo ni ujinga. Kiziwi analala kitandani na besi inampanda kwenye chuma cha kitanda mpaka kifuani, hajui inatoka wapi. Wenye shimesikio wanavua, wanabaki hawasikii hata matroni akiita. Taa za dijei zinazowaka na kuzima haraka haraka nazo zinaweza kumwamshia kifafa mtoto mwenye aina ya kifafa kinachochochewa na mwanga, na madirisha ya mabweni mengi hayana hata pazia.

Ulanzi_Mbichi

Mbona hamjagusa mambo ya msingi? Kinywaji kinaruhusiwa?

Bibi_Mkwawa

Ulanzi_Mbichi jina lako limeshakujibu, pita kushoto.

Hesabu_Hazidanganyi

Nimefanya kazi ya uhasibu halmashauri miaka kadhaa, nauliza swali ambalo halipendwi: hiyo laki mbili na nusu ilikuwa inalipwa wapi?

Kama shule ni ya serikali, bwalo ni mali ya umma hata kama lilijengwa na mfadhili. Mapato yake yanapaswa kuingia kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile watu wanaita kontroo namba, na mlipaji apate risiti. Habari ya kumtumia mwenyekiti kwenye simu halafu yeye akanunua matairi, hata kama matairi yameonekana kwa macho, mkaguzi ataandika hoja na mwalimu mkuu ndiye atakayeijibu. Nimeona mwalimu mwaminifu kabisa akihangaika mwaka mzima kwa hela ya kukodisha uwanja wa mpira.

Sisemi msikodishe. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni vitabu. Tairi moja la kiti mwendo linameza ya wanafunzi kadhaa. Kwa hiyo naelewa mnakotoka. Ila andikeni muhtasari wa kikao, mpelekeeni mkurugenzi aridhie viwango, fedha ipite njia yake.

Mwangata_Juu

Hesabu, nitakuwa mkweli. Tatu za mwanzo zilipita kwenye simu. Muhtasari upo lakini risiti za benki hazipo. Umenipa kazi nyingine.

Kijana_wa_Ipogolo

Si nilisema mfunge? Kila mkiongea ndiyo uozo unatoka.

Magurudumu_Mbeya

Kijana_wa_Ipogolo, subiri kidogo nami niseme. Ndaga kwa mleta uzi kwa kuandika.

Mimi natumia kiti mwendo, niko Mbeya, upande wa Sae. Nilioa. Ukumbi tuliopata ndani ya bajeti yetu ulikuwa ghorofa ya kwanza, lifti hakuna, ngazi ishirini na mbili. Nimezihesabu kwa sababu kila moja niliisikia. Vijana wanne wa kamati walinibeba na kiti changu kama wanahamisha kabati. Mmoja alikuwa anapiga kelele "kunja kona, kunja kona". Mke wangu nyuma ameshika gauni, MC juu anasema makofi kwa bwana harusi. Suti ilipanda mpaka kifuani. Kwenye video ya harusi kile kipande tumekikata.

Choo? Sikunywa maji tangu saa nane mchana mpaka saa sita usiku. Nilijua kipo chini na mlango wake haupitishi kiti.

Sasa wewe unaniambia Iringa kuna bwalo lisilo na ngazi, choo kina vyuma vya kushikilia, halafu suluhisho ni kulifunga watu wasilitumie? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010, inataka majengo ya umma yafikike na watu wote. Zunguka Mwanjelwa na Kabwe unioneshe kumbi ngapi ningeingia bila kubebwa. Wale watoto wa shuleni kwenu watakua. Watataka kuoa na kuolewa, watataka kikao cha chama chao, ubarikio wa mtoto wao. Waende wapi?

Mimi ningeomba kinyume. Mkodishe, ila mtu mwenye ulemavu au chama chao wapewe tarehe kwanza na kwa bei ya chini. Mwenye sendofu ya magari kumi alipe kamili.

Tichaa_Nukta

Magurudumu, hapo umegeuza meza yote. Sikuwahi kuliona kwa upande huo.

Kijana_wa_Ipogolo

Sawa kaka, nimekuelewa. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine inabaki mpaka mtoto arudishiwe kamba yake.

Mnyalu_Ughaibuni

Naandika kutoka Leeds, Uingereza, nimezaliwa Mafinga. Nafanya kazi ya kusaidia watoto darasani kwenye shule ya mahitaji maalumu huku, na shule inakodisha. Tena sana. Ukumbi jioni wanacheza dansi, Jumamosi kanisa fulani, na kuna bwawa la maji ya uvuguvugu la tiba ya viungo, nyuzi joto 34 hivi, wazazi wenye watoto wachanga wanalikodi kwa saa.

Msidhani ni kwa sababu Wazungu wana hela. Shule zinalia ukata huku pia. Tofauti ni jinsi wanavyokodisha. Kuna fomu. Anayekodi anasaini kwamba ana bima, ikitokea mtu kaanguka isiwe mzigo wa shule. Kama kazi yake ni ya watoto, aonyeshe utaratibu wake wa kuwalinda, na watu wake wawe wamepekuliwa rekodi za makosa kwenye ofisi inayoitwa DBS. Kwenye bwawa lazima awepo mtu anayejua kuokoa, la sivyo mlango haufunguliwi hata kama umelipa.

Lakini kitu kinachofanana na mjadala wenu ni mstari wa rangi ya manjano kwenye korido. Mgeni haupiti. Nyuma yake kuna vyumba vya watoto, mashine zao za kunyanyulia, picha za kila mtoto ukutani zenye maelezo yake ya dawa. Mzee anayefunga milango ana orodha ya vitu ambavyo havisogezwi na haviazimwi kwa bei yoyote. Kwenu kamba ingekuwa ya kwanza kwenye orodha hiyo.

Na suala la watu na watoto kuwa pamoja. Shuleni kwangu ni kutwa, watoto wameondoka saa tisa na nusu, wageni wanaingia saa kumi na mbili. Kwenu ni bweni. Watoto wapo pale pale wakati wa sherehe. Hiyo ni tofauti kubwa, msiige fomu yetu mkasahau hilo.

Mama_Kihesa

Hapo kwenye watoto kuwepo ndipo penye shida. Nimewahi kwenda kicheni pati kwenye shule ya aina hiyo, siyo lazima iwe ya mleta uzi. Kufika saa kumi jioni watoto wakaanza kuchungulia dirishani, harufu ya pilau. Akina mama wakawaita, wakawapa soda, huo ni wema. Kisha zikatoka simu. Mwenzetu mmoja akampakata mtoto mwenye kichwa kikubwa, akapiga picha saba, jioni ile ile iko mtandaoni imeandikwa "tusisahau kushukuru". Mtoto yule ana mama yake. Mama yake hakuulizwa.

Nilinyamaza siku ile. Bado najilaumu.

Hesabu_Hazidanganyi

Tena siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha ya mtoto na hali yake ya afya siyo mapambo ya mtandaoni.

Zima_Moto_Mstaafu

Mmeongea mengi, hakuna aliyegusa moto. Nawakumbusha watu wa Iringa jambo mnalolijua. Shule ya sekondari Idodi, Agosti 2009. Bweni la wasichana, mshumaa, watoto 12 hatukuwatoa wakiwa hai. Wale walikuwa wanaona, wanasikia, na wanakimbia.

Sherehe inaleta wapishi. Wapishi wanaleta mafiga, kuni, mitungi ya gesi, jenereta na dumu la petroli. Wote wanatafuta mahali pasipo na upepo, na pasipo na upepo huwa ni nyuma ya bweni. Halafu wageni wanaegesha magari mbele ya milango. Mkuu, nenda Jumamosi yoyote yenye shughuli saa mbili usiku, simama mlangoni pa bweni, jiulize mtoto wa kiti mwendo atatokea wapi. Mtoto kiziwi atajuaje kuna moto kama kengele ni ya kugonga reli?

Mapishi yawe upande wa pili kabisa wa uwanja, magari yabaki nje ya geti, na matroni wa ziada alipwe na mkodishaji, akae bwenini mpaka mgeni wa mwisho atoke.

Ulanzi_Mbichi

Sasa nimekuwa makini. Mdogo wangu yuko shule ya bweni. Hilo la magari mbele ya mlango naliona kila sherehe na mimi ndiye naegesha.

Mwangata_Juu

Mrejesho wakuu. Kikao kimekaa saa tano hadi saa tisa, chai imepoa mara mbili.

Tulianza kwa kubishana kama tufunge. Nilimsomea mwenyekiti maneno ya Magurudumu neno kwa neno, pale kwenye "kunja kona" mzee mmoja akatoa miwani akaifuta. Hatujafunga. Ila mpaka likizo hakuna sherehe, na baada ya hapo sherehe za usiku ni wakati wa likizo tu, bweni likiwa tupu. Watoto wakiwepo bwalo ni la vikao, semina na kwaya, mwisho saa kumi na moja jioni, spika kubwa haziingii. Watu wenye ulemavu na vyama vyao nusu bei na tarehe kwanza. Barua imekwenda kwa mkurugenzi kuomba kontroo namba, na zile tatu za mwanzo tumeziandikia maelezo kama zilivyokuwa. Mwalimu mkuu hakufurahi lakini amesaini.

Dhamana laki moja, inarudishwa mwalimu wa zamu akiridhika siyo mlinzi. Pini marufuku, wafunge kwa utepe wa kitambaa. Tulibishana sana kuhusu nani alipe matroni wa ziada, hilo bado halijaisha.

Mzee wa kamati alipendekeza kamba tuiweke bomba la chuma ili isikatwe tena. Watoto waliitwa waseme. Walikataa bomba. Mmoja wa darasa la tano akasema chuma asubuhi kinauma mikono, na hakifungiki fundo.

Mapambo_na_Taa

Mkuu naomba vipimo vya hiyo kamba. Nina mzigo unatoka Makambako Alhamisi, naleta mwenyewe na nguzo nakaza. Nyeupe ya nailoni ipo, nzuri, haiozi.

Mwangata_Juu

Mita sitini na mbili, ongeza tatu za mafundo. Nailoni hapana, inateleza. Leta katani. Ukifika uliza bweni la wasichana, usianze kufunga mafundo, wanasema watafunga wenyewe.